Saa ya Ndizi

Mwaka 1959 Donald Roy, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha makala ambayo jina lake lingemfanya mtu yeyote wa Kagera ageuze shingo. Aliiita Saa ya Ndizi. Haikuhusu migomba wala bei ya mkungu sokoni. Roy alikuwa amechukua kazi kiwandani, akawekwa katika chumba kimoja pamoja na wazee watatu waliohamia Marekani kutoka Ulaya, kila mmoja mbele ya mashine yake ya kukatia vipande. Unaweka, unabonyeza, unasogeza. Unaweka tena. Kazi ni hiyo tangu asubuhi hadi jioni, na kesho ni hiyo hiyo.

Uchovu wa mikono Roy aliutarajia. Kilichomtisha ni saa ya ukutani, ambayo ilikuwa haisogei. Siku zilipopita akagundua kwamba wenzake wale walikuwa na saa zao wenyewe, ambazo hazikuandikwa na mwenye kiwanda. Mmoja wao, ambaye makala inamwita Sammy, alikuwa akija kila siku na ndizi moja katika chombo chake cha chakula. Mwenzake Ike humnyemelea, huichomoa, hupaza sauti kutangaza kwamba saa ya ndizi imewadia, kisha huila mbele ya mwenyewe. Sammy hulalamika. Kesho yake huleta ndizi nyingine, nayo huibwa vile vile. Katika muda wote Roy aliokaa pale, Sammy hakuwahi kuila ndizi yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiifiche, au asiile akiwa njiani. Nadhani hakutaka. Ndizi ile ilikuwa imekoma kuwa chakula, imekuwa alama ya kuigawa siku. Kabla yake kulikuwa na saa ya mapichi, ambapo Sammy aliwagawia wenzake matunda na wao wakayasema vibaya huku wakiyatafuna. Baada yake ikaja saa ya dirisha, Ike akilifungua na Sammy akilia baridi. Siku ambayo mwajiri aliinunua ikiwa kipande kimoja kirefu, wazee wale waliikatakata kwa mizaha mpaka ikawa na asubuhi yake, adhuhuri yake na jioni yake. Roy anasema bila utani ule asingeiweza kazi, na mimi namwamini.

Jambo ninalotaka kulisema katika tafakari hii ni moja. Mfanyakazi wa kiwandani anauza saa zake. Akishaziuza, mwenye kiwanda anaamua mkono wake uende wapi na mara ngapi kwa dakika. Anapotaniana na mwenzake anajirudishia sehemu ya saa hizo bila kumwibia mtu. Kwa hiyo kicheko cha kiwandani ni mali ya mfanyakazi, na mali hiyo inastahili kulindwa kama ujira unavyolindwa.

Huku Kimwani, kusini mwa Muleba, hatuna kiwanda cha magari. Gari tunalijua likiwa tayari limemaliza safari yake ya kuzaliwa: Fuso lililopakia ndizi, lori la kahawa linalopanda kuelekea Bukoba, basi linalotoka alfajiri likiwa limejaza watu na mizigo. Dereva tunamfahamu kwa jina. Utingo tunamfahamu kwa sauti. Maneno yaliyoandikwa nyuma ya bodi tunayasoma mpaka tunayakariri. Asiyejulikana ni yule aliyekaza bolti za ekseli, akapitisha waya ndani ya dashibodi, akafunga mlango na kuufungua tena ili ausikie kama umekaa sawa. Maisha ya abiria wote wa basi lile yamepita katika vidole vyake. Tunapozungumzia magari yafaa tumkumbuke, na tukimkumbuka tuulize siku yake inakwendaje.

Mstari wa kuunganishia magari ulianza mwaka 1913, katika kiwanda cha Henry Ford cha Highland Park, jimbo la Michigan. Kabla ya hapo mafundi walilizunguka gari lililosimama. Ford aliligeuza jambo hilo: fundi akasimama, gari likatembea. Kuunganisha chasisi moja kulikuwa kukichukua zaidi ya saa 12, kukashuka hadi dakika 93 hivi. Dunia ilistaajabu, na ilikuwa na haki ya kustaajabu. Lakini wafanyakazi walikimbia. Katika mwaka huo mmoja kiwanda kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na 14,000 hivi. Januari 1914 Ford akatangaza dola tano kwa siku ya saa nane, ujira mkubwa mno kwa wakati ule. Fedha ile ililipia ustadi wa mikono, na ililipia pia uchungu wa kurudia tendo moja mpaka mtu anasahau kwamba ana mwili mwingine zaidi ya mkono ule unaokaza nati.

Lakini fedha haikutosha kumnyamazisha mtu, ndipo zikaja kanuni. Katika viwanda vya Ford kuzungumza kazini kulikatazwa, hata kupiga mluzi na kuimba. Watu wakajifunza kusema bila kutikisa midomo, macho yakiwa kwenye kazi na uso ukiwa mkavu, na namna hiyo ya kusema ikapewa jina la mnong'ono wa Ford. Mwaka 1940, katika kiwanda cha River Rouge, mfanyakazi mmoja alifukuzwa kazi kwa kosa la kutabasamu. Kosa lake la awali lilikuwa kwamba alicheka na wenzake na kuuchelewesha mstari labda nusu dakika. Mwaka uliofuata, Juni 1941, kampuni hiyo ilitia saini mkataba wake wa kwanza na chama cha wafanyakazi wa magari. Sidai kwamba tabasamu lile moja ndilo lililoleta mkataba. Mishahara, vipigo vya walinzi na kufukuzwa ovyo vilikuwa sababu kubwa zaidi. Nasema tu kwamba watu wanaoadhibiwa kwa kucheka hawachelewi kutafuta njia ya kukaa pamoja na kudai.

Watu wa Bukoba wana haki ya kuyasikia haya kama habari za ukoo wao. Ford mwenyewe aliandika kwamba wazo la mstari wake lilitokana na machinjio ya Chicago, ambako nyama ilining'inizwa kwenye reli ya juu ikapita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande kile kile. Kwa hiyo mstari wa kuunganisha gari ulizaliwa na mstari wa kumbomoa ng'ombe. Na huo ndio mstari tulio nao kwenye kingo za Ziwa Victoria, katika viwanda vya minofu ya sangara. Samaki anapokelewa, anaoshwa, anapasuliwa, anachunwa ngozi, minofu inapunguzwa kingo, inapangwa kwa uzito, inaingia kwenye baridi. Mapanki yanakwenda upande mmoja, mabondo upande mwingine. Kila mtu ana kisu chake na pahali pake.

Mstari huo una ukimya wake pia. Baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi tofauti kati ya mwaka 1997 na 1999, kanuni za usafi zilikazwa: buti za mpira, kofia, koti jeupe, kitambaa cha kuziba kinywa na pua. Kanuni hizo zilikuwa za lazima na zinaokoa maisha ya walaji. Lakini mtu aliyezibwa kinywa kwa saa nane anahitaji njia nyingine ya kumfikia mwenzake, na binadamu haikosi. Nyusi hupandishwa. Bega husukuma bega. Kisu hugongwa mara mbili mezani, na aliye mbali anaelewa kwamba msimamizi anakuja. Wafanyakazi wa Ford walificha maneno nyuma ya midomo mikavu. Wa kwetu huyahamishia machoni.

Tena sisi wa Kagera tulikuwa na kazi ya pamoja yenye mwendo wa kupimwa muda mrefu kabla ya Ford. Huko Katuruka, Bukoba Vijijini, yalipatikana mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Miaka hiyo ya 1970 wazee wa Kihaya ambao ujanani waliwahi kuyeyusha chuma walijenga tanuri upya na kuonyesha kazi ilivyokuwa: shimo lililojazwa nyasi za majimaji zilizochomwa, mirija ya udongo iliyopitisha hewa, mkaa, mawe ya chuma, na mivukuto iliyopigwa kwa zamu saa baada ya saa. Pigo likilegea, joto linashuka, na kazi ya siku nyingi inageuka kuwa mavi ya chuma yasiyofaa kitu.

Angalia walivyolikabili jambo hilo. Tanuri lilihesabiwa kuwa mwanamke, kuvukuta kukawa unyumba, na chuma kikawa mtoto anayesubiriwa. Wayeyushaji walijitenga na wake zao siku za kazi, na nyimbo za kuvukutia zilibeba maneno ya kitandani ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya mkwewe. Kazi ilikuwa nzito na yenye miiko, ikaruhusiwa kuwa na mzaha ndani yake, kwa kuwa mzaha ule ndio ulioshika pigo. Wazee wetu walijua kwamba mkono unaorudia tendo moja kwa muda mrefu unahitaji kitu cha kuubeba, na hakuna aliyemfukuza mvukutaji kwa kucheka.

Ukitaka kuiona hekima hiyo ikiwa hai, nenda kwenye msiba au harusi yoyote ya Buhaya wakati wa kumenya ndizi. Sufuria kubwa inasubiri, mikungu imelala chini, na kina mama wameketi kwa duara. Vidole vinakwenda vyenyewe. Kazi halisi iko mdomoni. Ma fulani anaulizwa kama ganda analoacha nene namna ile amewawekea mbuzi wake. Anajibu kwamba kisu chake kimesomea Uganda, hakijazoea ndizi za huku. Wanacheka, na wakati wanacheka sufuria inajaa. Msimamizi wa kiwanda angeona uzembe pale. Mwenye msiba anaona watu waliomchukulia mzigo wake.

Turudi kwenye magari: yale ya Afrika Mashariki yanaunganishwa wapi, na wanaoyaunganisha wanaishi vipi? Kenya ilijenga viwanda vyake vikubwa miaka ya 1970: kile cha Leyland pale Thika, ambacho baadaye kikawa Kenya Vehicle Manufacturers, Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, na cha General Motors jijini Nairobi, ambacho tangu mwaka 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Kwetu Tanzania mji wa magari ulikuwa Kibaha, mkoani Pwani. Kiwanda cha umma cha TAMCO kiliunganisha magari ya Scania hapo, na Shirika la Nyumbu likaunda lori lake lililobeba jina hilo. Siku hizi malori ya FAW yanaunganishwa Kibaha, na vijana wanaotoka Muleba, Ngara, Kahama na Newala wanakutana huko wakiwa na vyeti vya VETA mkononi.

Katika viwanda vya namna hiyo gari hufika kama makasha. Limefunguliwa vipande huko lilikotoka, linakuja kukusanywa huku. Kwanza fremu ya chasisi inalazwa, springi na ekseli zinafungwa chini yake, mabomba ya breki na nyaya zinapitishwa, injini inashushwa kwa kreni, kabini inashushwa juu yake, kisha matairi, mafuta, maji, betri. Bolti za sehemu nyeti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, ambayo hutoa mlio kipimo kikifika, na mkaguzi huitia alama ya rangi ili ijulikane kwamba imeguswa. Idadi ya magari kwa siku si kubwa kama ya Detroit au Nagoya, kwa hiyo mtu mmoja hubeba majukumu zaidi ya moja. Hilo ni jambo jema kwa akili yake. Lakini kurudia bado kupo, joto la bati lipo, na kelele ipo.

Hapo ndipo Mtanzania ana hazina ambayo wazee wa chumba cha Roy hawakuwa nayo. Wao walilazimika kuibuni mizaha yao tangu mwanzo, kwa ndizi na mapichi. Sisi tunaingia kiwandani tukiwa na utani uliokwisha kutengenezwa. Misafara ya karne ya 19, iliyowatoa Wanyamwezi bara na kuwakutanisha na Wazaramo na watu wengine wa pwani, iliacha mtandao wa utani ulioenea karibu nchi nzima, na mikoa ikauongezea wake. Kijana wa Kihaya hajamaliza juma moja kazini kabla hajaitwa nshomile, yaani msomi. Akichelewa kukaza bolti ataambiwa anaisomea kwanza. Akiuliza swali la kiufundi, ataulizwa swali hilo lina digrii ngapi. Naye hatakaa kimya. Mchaga akihesabu nati mara mbili, Mhaya atamkumbusha kwamba hizo hazitafika dukani kwake Moshi. Mpare aliyepotelewa na spana ataombwa asifungue kesi kabla ya chakula cha mchana. Msukuma atasihiwa aweke spana chini akaze kwa mkono, asije akakata bolti ya watu.

Mizaha hii ukiisoma kwenye karatasi inaonekana midogo. Lakini fikiria kazi inayofanya. Watu waliotoka pande zote za nchi, ambao jana hawakujuana, wanapewa kwa siku moja mahali pa kuanzia. Kila mmoja anaambiwa kwamba kwao kunajulikana, hata kama kunajulikana kwa kasoro. Mgeni anayetaniwa amekwisha kupokelewa. Anayepaswa kuhofu ni yule ambaye hakuna anayemgusa. Ndiyo maana kijana mpya, katika gereji na viwanda vya nchi nyingi duniani, hutumwa stoo akachukue kifaa ambacho hakipo, kama spana ya mkono wa kushoto. Akirudi mikono mitupu na kuwakuta wenzake wanacheka, naye akacheka, amekuwa mmoja wao.

Utani wa kwetu una jambo jingine zito zaidi. Mtani ana deni. Yeye anayekuita mshamba siku ya harusi ndiye anayeingia kaburini kuchimba siku ya msiba wako, ndiye anayepika, ndiye anayemfanya mjane acheke kidogo wakati hakuna mwingine anayethubutu. Haki ya kukutania ameilipia kwa wajibu. Kiwandani sheria hiyo inapaswa kubaki vile vile. Aliyekuita nshomile asubuhi, saa nane mchana akiona mkono wako unatetemeka kwa homa, anahamia upande wako na kukaza bolti zako pamoja na zake. Mwandishi wa Marekani Ben Hamper, aliyefanya kazi katika kiwanda cha malori cha General Motors mjini Flint na kuchapisha kitabu chake Rivethead mwaka 1991, anaeleza mpango kama huo: wawili walio jirani walijifunza kazi ya kila mmoja, mmoja akazifanya zote mbili huku mwenzake akipumzika, kisha wakabadilishana. Watu wawili hawafiki hapo bila kuaminiana, na imani kama hiyo hujengwa kwa mizaha ya miezi mingi.

Hamper ana kisa kingine ambacho kila meneja angepaswa kukisoma. Uongozi wa kiwanda chake, ukitaka kuinua ubora, ulimvisha mtu mavazi ya paka mkubwa na kumpa jina, Howie Makem, ili apite kwenye mistari akiwatia watu hamasa. Wafanyakazi walimpokea kwa dharau. Watu wazima walioshika bunduki za ribiti kwa saa nane waliona wanafanywa watoto. Furaha iliyoletwa kutoka ofisini haikuwahi kushika, wakati mchezo wao wenyewe wa kupigiana ribiti ulishika. Nakumbusha hili kwa sababu ofisi nyingi za kwetu nazo zimeanza kununua furaha: fulana zenye maneno, siku maalumu yenye muziki mkubwa, picha za pamoja. Hayo si mabaya. Lakini hayachukui nafasi ya dakika kumi ambazo watu wanne wanaketi kwenye kivuli na kusemana.

Sasa nije upande mchungu, maana Waswahili walionya zamani kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katika chumba kile cha Roy, George, aliyekuwa mkubwa wa kundi, alijivunia kwamba binti yake ameolewa na mtoto wa profesa. Habari za profesa zilizungumzwa kwa heshima tupu. Siku moja Roy, akidhani anaongeza chumvi kwenye mazungumzo, akazusha kwamba amemwona profesa yule akifundisha katika chuo cha vinyozi. Uvumi ukazunguka chumba, George akaumia, na akaacha kusema na wenzake. Ukimya ulidumu karibu wiki mbili. Hakukuwa na saa ya ndizi wala ya dirisha. Na uchovu ule wa siku za mwanzo, ambao Roy alidhani ameushinda, ukamrudia. Mtu wa Bukoba anakielewa kisa hiki bila kuelezwa zaidi, kwa sababu sisi nasi tunajua elimu ya mtoto ilivyo na uzito katika nyumba. Ipo sehemu katika kila mtu ambayo utani haupaswi kuingia bila kubisha hodi. Mtani mzuri ni yule anayeijua sehemu hiyo kwa mwenzake na kuikwepa.

Upo mpaka wa pili, ambao ni mkubwa zaidi: mpaka wa cheo. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kipengele chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikisoma kipengele hicho kwa makini kuliko vingine vyote. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, anaeleza migomo na kufungiwa nje kwa mameneja kulikofuata, na mingi kati ya migogoro hiyo haikuanza kwa mshahara. Ilianza kwa matusi, kwa kudharauliwa, kwa kusemeshwa kama watoto. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakishika kiwanda wenyewe.

Funzo lake kwa jambo letu liko wazi. Maneno yale yale, yakitoka kwa mwenzako wa mstarini, ni utani. Yakitoka kwa mwenye uwezo wa kukufukuza, ni kebehi, kwa sababu huwezi kumjibu. Utani unahitaji njia mbili. Bosi anayetaka kutania watu wake sharti kwanza akubali kutaniwa mbele yao, na asilipe kisasi kwenye karatasi ya ovataimu. Akishindwa hilo, afadhali anyamaze. Vivyo hivyo kwa wanawake, ambao wengi wao wanasimama kwenye mistari ya samaki na wachache kwenye mistari ya magari: maneno juu ya maumbile yao, yanayosemwa na wanaume kumi kwa mwanamke mmoja, hayana njia mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi, na inakataza ubaguzi wa jinsia, kabila na mahali mtu alikotoka. Hakuna mila ya utani inayofuta sheria hiyo, na mtani wa kweli haioni kuwa mzigo, kwa kuwa yeye hamtanii mtu asiyeweza kumrudishia.

Kuna hatari nyingine ya siku hizi ambayo haikuletwa na mameneja. Wakati wa mapumziko, watu wanane wanakaa benchi moja na kila mmoja ameinamia simu yake, akicheka na kitu ambacho jirani yake hakioni. Simu imetuletea mengi, na kijana aliye Kibaha anaweza kumsikia mama yake wa Kimwani kila jioni kwa sababu yake. Lakini kicheko cha simu hakimjengei mtu mwenza wa kumshikia kazi siku anapougua. Kanuni za Ford hazikufaulu kuwanyamazisha watu. Ingekuwa huzuni kubwa tukijinyamazisha wenyewe.

Nimalizie kwa ombi. Serikali inahimiza viwanda, na kila mkoa unataka cha kwake. Nasi wa Kagera, wenye kahawa, samaki, miwa na ndizi, tutaona mistari mingi zaidi kuliko tuliyo nayo. Wanaoijenga wakumbuke kwamba sheria ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma, saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa nzima. Waitoe saa hiyo yote bila kuimega. Waweke kivuli, benchi zinazotazamana na maji ya kunywa. Wapunguze kelele pale inapowezekana ili sauti ya mtu isikike bila kupigwa ukelele. Msimamizi akiwakuta watu wanacheka huku kazi inakwenda, apite. Na ninyi vijana wa Muleba na Bukoba mtakaosimama kwenye mistari hiyo, kazeni bolti zenu mpaka kipimo, kwa maana kuna basi zima litakalozitegemea. Mkubali kuitwa nshomile na mjibu kwa adabu. Na mtu mnayemtania asubuhi, msimwache peke yake akizidiwa jioni.